Sura ya Mwigizaji Haikuanza Kuuzwa Jana

Septemba 2025, katika mkutano wa watu wa filamu mjini Zurich, alitambulishwa "mwigizaji" aitwaye Tilly Norwood. Hana baba wala mama, hali wala halali. Ni sura iliyotengenezwa na akili mnemba. Habari zilipoenea kwamba mawakala wa wasanii walikuwa wanammezea mate, chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kilijibu kwa ukali kwamba huyo si mwigizaji hata kidogo. Miezi michache kabla ya hapo, serikali ya Denmark ilikuwa imetangaza nia ya kurekebisha sheria yake ya hakimiliki ili kila mtu awe na haki juu ya mwili, sura na sauti yake. Tangu wakati huo mjadala umekuwa wa wimbo mmoja: eti kwa mara ya kwanza katika historia, uso wa msanii umetenganishwa na msanii mwenyewe.

Si kweli. Uso wa mwigizaji ulitengana na mwenyewe zaidi ya miaka 150 iliyopita, katika studio za Paris, London na New York, na waliouingiza sokoni walikuwa wapiga picha wenye vioo, chupa za kemikali na mapazia ya kuchorwa. Nyota wa jukwaani kwa maana tunayoijua leo, yaani mtu ambaye maelfu wanaijua sura yake bila kuwahi kumsikia akitamka neno, alizaliwa studio. Ukumbini alikwenda kukua tu. Na kilichoamua nani ale nyama na nani abaki na mchuzi hakikuwa kamera. Kilikuwa mkataba, na baadaye mahakama. Asiyeliona hilo atatunga sheria ya kupambana na mashine huku mwenye mkataba akipita mlango wa nyuma.

Wengi husahau kwamba mtu aliyeupa ulimwengu picha ya kamera alikuwa mtu wa jukwaa. Louis Daguerre alijipatia jina Paris kwa kuchora mandhari za tamthilia, na mwaka 1822 akafungua Diorama, nyumba ya maonyesho ambamo watu walilipa kiingilio kutazama turubai kubwa likibadilika kwa mchezo wa mwanga tu. Machi 1839 Diorama iliteketea kwa moto. Agosti mwaka huohuo siri ya picha zake ikawekwa hadharani. Kamera, kwa maneno mengine, ilitoka mikononi mwa fundi wa mapambo ya jukwaa. Haikuchukua hata miaka ishirini kurudi kwa waigizaji kudai chake.

Picha ya Daguerre ilikuwa na kasoro moja kubwa kibiashara: ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, lisilozaa nakala. Ukitaka ya pili, ukae tena. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupiga picha juu ya kioo kilichopakwa kemikali mbichi, wala hakuifungia hataza, na kuanzia hapo kioo kimoja kiliweza kuzaa karatasi bila hesabu. Novemba 1854 André Disdéri wa Paris akachukua hataza ya ujanja mwingine: kupiga picha ndogo kadhaa, mara nyingi nane, juu ya kioo kimoja, kuzichapa pamoja, kuzikata, kisha kubandika kila moja kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja. Aliyewahi kusimama kwenye kibanda cha picha akimsubiri fundi akate pasipoti saizi zake kwa mkasi anaijua kazi hiyo. Disdéri ndiye babu yake. Mwaka 1860 mpiga picha J. E. Mayall alipotoa kadi za Malkia Victoria na familia yake, haya ya kuuza sura dukani ikaisha London. Malkia akiuzwa, mwigizaji ni nani? Madirisha ya maduka yakajaa majenerali, maaskofu na wacheza tamthilia, bega kwa bega, kama vile wote walikuwa wa daraja moja.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba picha iliweza kutangulia jukwaa ni Lillie Langtry. Aliingia London kutoka kisiwa cha Jersey katikati ya miaka ya 1870, akiwa mke wa mtu, bila kipaji chochote kilichotangazwa. Wachoraji wakamwania, kisha wapiga picha, na kabla muongo huo haujaisha kadi zake zilikuwa zinauzwa madukani pamoja na za mabibi wengine wa tabaka la juu ambao kazi yao, kama ni kazi, ilikuwa kutazamwa. Alipanda jukwaani katika ukumbi wa Haymarket Desemba 1881. Ukiuliza watu walikata tiketi wakaone nini, jibu haliwezi kuwa uigizaji wake, kwa kuwa hakuwa nao bado. Walikwenda kuhakikisha kwamba ile picha ina mwili. Muda si mrefu sura yake ikawa inauza sabuni ya Pears. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kadi ya picha iliivuruga hesabu hiyo, maana kuanzia hapo hata chema kilitembezwa.

Mwigizaji wa Kifaransa Sarah Bernhardt ni kisa tofauti, na ndiyo maana ni muhimu. Alipokaa mbele ya kamera ya mpiga picha Nadar mjini Paris, mnamo 1864, alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, amekwisha kuachana na Comédie-Française, jumba la tamthilia la taifa la Ufaransa, baada ya kumzaba kofi mwigizaji mwenzake, na nje ya duru za tamthilia hakuna aliyekuwa na sababu ya kumjua. Nadar alimvika kitambaa kizito, bega wazi, akaegemea nguzo. Ushindi wake mkubwa wa kwanza jukwaani ulikuja miaka mitano baadaye. Lakini Bernhardt alikipata kitu ambacho wenzake wengi hawakukipata: aliuelewa mtambo. Mnamo 1880 alijilaza ndani ya jeneza, macho yamefumbwa, maua yamemzunguka, akapigwa picha na fundi aitwaye Melandri. Picha hiyo ikauzwa. Wenye adabu zao walichukia, na kila aliyechukia aliitangaza zaidi. Ukiniambia hiyo ni mbinu ya enzi ya simu janja, nitakuonyesha jeneza.

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu kuna jambo la kiufundi linalobadilisha maana ya mambo yote. Kwa muda mrefu kamera haikuweza kabisa kupiga picha ya tamthilia ikichezwa. Taa za gesi zilikuwa hafifu, kioo kilihitaji sekunde kadhaa za mwanga mwingi, na mwigizaji anayetembea angekuwa ukungu tu. Kwa hiyo kila picha ya "mwigizaji katika mchezo fulani" ya miaka ya 1860 na 1870 ilipigwa mchana, studio, chini ya paa la vioo, mbele ya pazia lililochorwa msitu au kasri, kisogo kikishikiliwa na chuma kilichofichwa nyuma ili kichwa kisitikisike. Hasira ya Otelo, kilio cha Ofelia: vyote vilipigwa vikiwa vimeganda. Mnunuzi wa kadi aliamini amenunua kipande cha tamthilia. Alichonunua kilikuwa mchezo mwingine kabisa, mfupi, wa watazamaji wawili au watatu, ambao mwongozaji wake alikuwa mpiga picha. Studio ilikuwa ukumbi wa pili wenye mwenyewe na daftari lake la mapato, na mwenyewe huyo hakuwa mwigizaji.

Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko Napoleon Sarony. Alizaliwa Quebec 1821, akawa mchapaji wa michoro kwa mabamba ya mawe, akapiga picha Uingereza, kisha akatia nanga New York, ambako kuanzia 1871 studio yake ya Union Square ilijaa mazulia, silaha za kale na mamba aliyekaushwa. Sarony mwenyewe kwa kawaida hakugusa kamera. Aliwapanga watu, akawachezea, akawachekesha, akawakasirisha, na msaidizi ndiye aliyefungua lenzi. Alikuwa akiwalipa nyota wakubwa ili wakae kwake peke yake: kwa Bernhardt zinatajwa dola 1,500, kwa Langtry dola 5,000. Fedha hizo zilinunua haki ya kuchapa na kuuza kadi hadi kioo kichoke. Asiye na jina aliingia bure na kutoka na nakala chache za kuwapelekea jamaa.

Januari 1882 akaingia mwandishi Oscar Wilde, ambaye bado hakuwa na tamthilia hata moja iliyompa jina. Alikuwa na kitabu cha mashairi, nywele ndefu na ziara ya mihadhara iliyoandaliwa na mfanyabiashara wa operetta, yaani tamthilia nyepesi za kuimbwa, aliyekuwa anaonyesha Marekani mchezo wa kuwakejeli watu wa aina ya Wilde. Kwa lugha ya leo, alikuwa tangazo linalotembea. Sarony alimpiga picha zipatazo 27. Namba 18, Wilde ameketi, kitabu mkononi, kidevu juu ya kiganja, ikaibwa na kampuni ya uchapaji ya Burrow-Giles, iliyochapa nakala 85,000. Sura hiyo ikatumika kutangaza kofia. (Ndani ya picha yenyewe hakuvaa kofia, lakini watu wa matangazo hawajawahi kusumbuliwa na mambo madogo.) Sarony akashtaki. Burrow-Giles wakajitetea kwamba picha haina mtunzi, ni kazi ya mashine inayonakili kilichopo. Machi 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mtunzi yupo, na ni Sarony: yeye ndiye aliyemkalisha, akachagua mavazi na mapazia, akapanga mwanga na kivuli, akaamsha usoni mwake mwonekano aliouhitaji. Akalipwa dola 610.

Isome hoja hiyo tena polepole. Hata mwonekano wa uso wa Wilde ulihesabiwa kuwa utunzi wa mtu mwingine. Wilde hakuwa upande wowote katika kesi hiyo. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kuuza kofia. Mpiga picha na mchapaji waligombania nani aliyeuchonga uso wake, na mshindi akaondoka nao. Hukumu hiyo haijazeeka: Machi 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilipotoa mwongozo kuhusu kazi zinazotengenezwa na akili mnemba, iliitaja kesi ya Sarony kueleza mtunzi ni nani. Tunajadili mashine mpya kwa maneno ya fundi aliyekuwa na mamba mkavu studio.

Kulikuwa na njia nyingine, na ilianza mapema zaidi, Ufaransa, tena kwa waigizaji. Rachel, malkia wa tanzia wa Comédie-Française, alifariki Januari 1858. Dada yake aliwaita wapiga picha wachukue sura yake kitandani mwa mauti, iwe kumbukumbu ya familia tu. Mchoro uliotokana na picha hiyo ukaingia sokoni. Juni mwaka huohuo mahakama ya Paris ikaamua kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kunakili na kutangaza sura ya mtu aliye kitandani mwa mauti bila idhini ya familia, hata marehemu awe maarufu kiasi gani, ikaamuru nakala ziharibiwe. Mwaka 1867 likaja sakata la mwandishi wa riwaya Alexandre Dumas, mzee wa zaidi ya miaka 60, aliyepigwa picha akiwa pamoja na Adah Isaacs Menken, mwigizaji wa Kimarekani, katika hali ya ukaribu ambayo Paris iliicheka wiki nzima. Mpiga picha Alphonse Liébert akaziuza. Dumas alikuwa amekubali kupigwa, hilo halikubishaniwa, na mahakama ya chini ikamkatalia. Mahakama ya rufaa ikageuza: mtu anaweza kuwa ameridhia jana, akagundua leo kwamba ridhaa hiyo inamvunjia heshima, na akairudisha. Mauzo yakasimamishwa.

Hizo ndizo njia mbili. Katika ile ya New York, sura ni malighafi, na mali ni ya aliyeifinyanga. Katika ile ya Paris, sura huazimwa, na mwenyewe anaweza kwenda kudai chake. Mjadala wetu wote wa akili mnemba unatembea katikati ya njia hizi bila kuzitaja.

Nitakubali hoja mbili za wanaonipinga. Ya kwanza ni kwamba nyota walikuwepo kabla ya kamera. Ni kweli: michoro ya mwigizaji David Garrick iliuzwa London karne ya 18, mchoraji Reynolds alimchora mwigizaji Sarah Siddons mwaka 1784 kama mungu wa kike wa tanzia, na mwimbaji Jenny Lind aliitikisa New York mwaka 1850 kwa tarumbeta za mwandaaji wa maonyesho P. T. Barnum. Lakini mchoro uliochapwa ulikuwa maoni ya mchoraji, na mtazamaji alijua. Kadi ya picha ilidai kuwa ni mtu mwenyewe, kwa bei ambayo karani aliimudu, katika albamu iliyowekwa mezani pamoja na picha ya shangazi. Hapo ndipo mgeni alipoanza kuonekana kama jamaa. Hoja ya pili ni ya walinzi wa sanaa, kwamba picha ilishusha uigizaji hadi kuwa biashara ya nyuso nzuri. Kuna ukweli, na Langtry ni shahidi wao. Bernhardt lakini ni shahidi wangu, na alidumu jukwaani kuliko kadi zote.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi mitandaoni: kwamba mtu aliyechagua kuwa maarufu amekwisha kuitoa sura yake kwa umma, basi asilalamike. Ilijibiwa mwaka 1890. Marion Manola alikuwa akiimba na kuigiza katika ukumbi wa Broadway, New York, akiwa amevaa suruali ya kubana kama mchezo ulivyotaka. Meneja alitaka picha zake katika vazi hilo kwa ajili ya matangazo, akakataa. Usiku mmoja wa Juni mpiga picha akajificha kwenye viti vya pembeni, na mwako wa unga wa magnesiamu, teknolojia iliyokuwa na miaka mitatu tu, ukamnasa jukwaani. Alikwenda mahakamani, akapata zuio. Hapo kuna mwanamke aliyeonekana na mamia ya watu kila usiku katika vazi lilelile, na bado akasema hapana. Alikuwa na akili timamu kabisa. Aliyekata tiketi amekaa mahali pamoja, saa moja, ndani ya mchezo wenye maana yake, na pazia likishuka vazi linabaki chumbani. Picha huenda baa, kinyozi na kwa watu ambao hajawahi kukubali kuonekana nao. Kumwigizia mtu na kumkabidhi uso wako ni mambo mawili. Desemba mwaka huohuo mawakili Samuel Warren na Louis Brandeis waliitaja kesi yake katika makala iliyoasisi haki ya faragha kwenye sheria za Marekani. Haki hiyo tunayodhani ni ya watu wa kawaida wanaoikwepa kamera ilidaiwa kwanza na watu waliokuwa wakiishi mbele ya macho ya wengine.

Pwani yetu nayo iliingia katika soko hilo, kwa mlango mbaya. Studio za Wagoa wa Unguja, kama ya Gomes na ya ndugu Coutinho, ziliuza picha na baadaye postikadi za wanawake wa mwambao, wamepangwa kwa ustadi uleule: pazia, kiti, kanga nzuri, mkono kiunoni. Kadi zilisafiri hadi Ulaya. Chini yake mara nyingi pameandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Ufundi ulikuwa uleule wa Union Square, lakini Langtry alikuwa na jina, na jina ndilo lililomwezesha kudai dola 5,000. Uso usio na jina hauna hata pa kuanzia kudai. Nawafikiria hao kila ninaposoma kwamba mitambo ya akili mnemba imefunzwa kwa mamilioni ya nyuso zisizotajwa majina.

Ndiyo maana naliangalia pendekezo la Denmark kwa jicho moja la furaha na jingine la wasiwasi. Kulitambua jambo ni vizuri. Kuliweka ndani ya sheria ya hakimiliki kunaleta swali, kwa kuwa hakimiliki ni jamii ya haki iliyozoea kuuzwa, na aliye na njaa huuza mapema na kwa bei ya chini. Waigizaji wa Marekani waliogoma siku 118 mwaka 2023 walirudi na masharti ya idhini na malipo kila nakala ya kidijitali ya mtu inapotumika, na huo ni ushindi mkubwa kuliko marufuku yoyote ya mashine, kwa sababu uligusa mkataba. Afrika Mashariki tumejikuta upande wa Dumas bila kelele: sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inamruhusu mtu kuiondoa ridhaa aliyoitoa, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Tanzania ina sheria yake ya 2022. Zana zipo, ingawa zilitungwa zikimfikiria mteja wa benki na simu, na sidhani kama watungaji walimwona mwigizaji wa filamu akilini.

Mwigizaji wa Dar es Salaam au Nairobi atakayewekewa karatasi mezani wiki hii haelekei kuulizwa chochote kuhusu akili mnemba. Ataulizwa asaini kifungu kimoja kirefu, katikati ya ukurasa wa tatu au wa nne, kinachosema kwamba picha zake, sura yake na sauti yake vitatumika kwa namna yoyote, mahali popote, sasa na baadaye. Mali bila daftari huisha bila habari, na kifungu hicho ndicho kioo cha Sarony.